Boeuf bourguignon: nyama ngumu, moto mudogo na masaa tatu

Ukikuta boeuf bourguignon kwenye karta ya restora, bei inaweza kukufanya ufunge karta. Mutu anafikiri ni nyama laini ya matajiri. Kumbe ni kinyume: chakula hiki ni njia ya kulainisha nyama ngumu.

Jina lake linatoka Bourgogne, jimbo la mashariki ya Ufaransa. Jimbo hilo linajulikana kwa divai nyekundu ya zabibu za pinot noir, na kwa ngombe weupe wa Charolais. 

Kwa nini nyama ngumu?

Shingo na bega la ngombe vinafanya kazi kila siku. Ndani yake muna nyuzi nyeupe zinazoitwa kolajeni, na hizo ndizo zinasumbua meno. Lakini zikikaa polepole ndani ya mchuzi wa moto, zinayeyuka na kufanya mchuzi kuwa muzito. Fileti haina nyuzi nyingi, kwa hiyo inakauka tu. Moto mukali nao unakausha: nyama inajikaza na maji yake yanatoka.

Vinavyohitajika kwa watu 6

Nyama kilo 1 na nusu, chupa 1 ya divai nyekundu (santilita 75), gramu 150 za nyama ya nguruwe ya moshi, karoti 3, kitunguu 1 kikubwa, vitunguu saumu 2 au 3, vijiko 2 vya unga wa ngano, majani ya lorie na persili, vitunguu vidogo 15 na uyoga gramu 250.

Namna ya kupika

Kata nyama vipande vikubwa, kama sentimita 5. Ipanguse ikauke, juu ya nyama yenye maji haipati rangi. Kaanga nguruwe kwanza, uitoe, kisha kaanga ngombe kidogo-kidogo mupaka iwe kahawia. Kaanga karoti na kitunguu. Rudisha nyama yote, nyunyiza unga, geuza dakika 2. Mimina divai na maji kidogo mupaka nyama ifunikwe. Tia saumu, majani na chumvi kidogo, sababu nguruwe iko na chumvi tayari.

Ikianza kuchemka, punguza moto. Mchuzi utoe povu moja-moja tu, kwa masaa 2 na nusu au 3. Kama unapikia makala, funika moto na majivu na uweke kifuniko kizito; makala nayo itadumu. Uyoga na vitunguu vidogo vikaangwe pembeni, viingie dakika 20 za mwisho.

Tumia sufuria ya inox ao ya chuma yenye enameli. Divai iko na asidi, na aluminiamu inaweza kuharibu ladha.

Divai gani?

Si lazima ya bei kali. Lakini epuka divai tamu: mchuzi ukipunguka, sukari yote inabaki ndani.

Je, pombe inaisha yote?

Hapa wengi wanadanganyana. Vipimo vya wizara ya kilimo ya Marekani vinaonyesha kwamba chakula kikichemka polepole saa 1, karibu asilimia 25 ya pombe inabaki. Baada ya masaa 2 na nusu inabaki karibu asilimia 5. Ni kidogo, lakini si sifuri.

Kwa hiyo, kama mugeni wako hakunywi pombe juu ya imani yake, kama ana mimba, ao kama alipigana sana mupaka akaacha pombe, umwambie mbele ya kumupa sahani. Nguruwe vilevile. Usiseme «hatajua». Atakula akikuamini.

Kwa watu hao pika na supu ya mifupa, nyanya kidogo na tone ya siki. Haitakuwa bourguignon, lakini nyama itakuwa laini vilevile, sababu kazi kubwa inafanywa na moto mudogo, si na chupa.

Na ikibaki, usihuzunike. Iweke fasi ya baridi, kesho uichemshe vizuri: itakuwa tamu kuliko leo.