Simu Imepokelewa, Sauti Haisikiki

Moto ulipozuka katika Mlima Kilimanjaro mwezi Oktoba 2020, sisi wa Moshi tulikumbushwa thamani ya habari kufika mapema. Namba ya Zimamoto ni 114. Lakini namba yoyote haina faida iwapo mpokeaji hasikii sauti ya anayepiga.

Kasoro hiyo huweza kukipata kituo chochote cha kupokelea simu kitumiacho kompyuta. Fundi asiye na subira huzima mtambo na kuuwasha upya. Kasoro hujificha, kisha hurudi. Yafaa kwanza aelewe kazi yake. Katika programu ya Asterisk, iliyoanzishwa na Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999, wito kwa kawaida hupita mlango wa 5060, bali sauti hupita milango ya 10000 hadi 20000. Kinga ya mtandao ikiifunga hii ya pili, simu italia, itapokelewa, na kimya kitatawala. Basi zisomwe kwanza kumbukumbu za mtambo, kisha ikaguliwe milango.

Hatuna budi kuwafunza mafundi wetu hivyo. Aliyezingirwa na moto mlimani huenda asipate nafasi ya kupiga mara ya pili.