Bomba la Moshi la Gari la Mlimani

Barabara iachayo njia kuu ya Iringa pale Sangasanga hupita Mlali, chini ya mabega ya magharibi ya milima ya Uluguru, kisha hupanda kuelekea Mgeta na Nyandira. Kutoka tambarare ya Mlali, iliyo mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, gari hupanda kiasi cha mita 1,000 nyingine kabla ya kufika katika mashamba ya kabichi, karoti na viazi. Mpando huo wenye kona kali hupandwa kwa gia ya kwanza na ya pili, injini ikifanya kazi kwa nguvu zake zote ilhali gari lenyewe likienda polepole. Katika safari kama hiyo kasoro yoyote ya bomba la moshi, ambalo mafundi wengi huliita ekzosi, hujitokeza upesi.

Na tuchukue mfano wa gari dogo la silinda nne lililozoeleka katika njia za mashambani tangu miaka ya 1980, yaani Suzuki SJ410. Injini yake ina ujazo wa sentimita za ujazo 970 na nguvu farasi zipatazo 45 tu. Bomba lake la asili likiisha kuliwa na kutu, au likipondwa na jiwe, mwenye gari ama hutafuta jipya la kiwandani, ama humwendea fundi wa karakana amtengenezee la kwake. Kazi hiyo ya pili ndiyo inayohusika hapa. Wengi huidhania kuwa ni kazi ya kuunganisha mabomba tu ili moshi utoke nyuma. Kumbe bomba hilo ni sehemu ya injini kama zilivyo vali na pistoni.

Kwanza, kwa nini bomba la chuma lioze upesi hivyo? Jibu limo katika kemia ya kidato cha pili. Petroli ni mchanganyiko wa haidrokaboni, na haidrokaboni iunguapo hutoa dayoksaidi ya kaboni pamoja na maji. Tukiichukua oktani kuwa mfano, gramu 114 zake hutoa gramu 162 za maji. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi. Basi kila lita moja ichomwayo hutoa takribani lita moja ya maji. Gari likienda mbali, bomba huwa la moto na maji yote hutoka yakiwa mvuke. Likienda kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi, mvuke hugeuka kuwa maji ndani ya bomba lililo baridi, na maji hayo, yakiwa na asidi kidogo, hutuama katika sailensa. Ndiyo maana sailensa hutoboka kutoka ndani kwenda nje, na gari la safari fupi hubadilisha ekzosi mara nyingi kuliko gari la safari ndefu. Fundi mwenye busara hutoboa tundu dogo sana mahali pa chini kabisa pa sailensa ili maji yapate pa kutokea.

Swali la pili ni la upana wa bomba, na hapa ndipo mabishano ya karakana huwa makali. Kuna wasemao kwamba bomba likiwa pana injini hupumua vizuri, na wako washikiliao kwamba injini inahitaji kuzuiwa kidogo, la sivyo hupoteza nguvu. Hesabu ndogo yaweza kuwapatanisha.

Injini ya mizunguko minne huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili ya kranki. Kwa hiyo injini ya sentimita za ujazo 970, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika na kujaa barabara, huvuta lita 24 hivi za hewa kwa sekunde. Gesi hiyo ikitoka ina joto kali. Tukikadiria nyuzi 600 za Selsiasi, yaani Kelvini 873, ujazo wake huongezeka karibu mara tatu na kufikia lita 70 kwa sekunde. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 38 lina eneo la mkato la sentimita za mraba 11.3, basi gesi hupita kwa kasi ya mita 62 kwa sekunde. Katika bomba la milimita 50 kasi hiyo hushuka hadi mita 36 hivi.

Gesi iendayo kasi ina msukumo. Kila fungu litokalo katika silinda huacha nyuma yake upungufu wa kanieneo, na upungufu huo husaidia kuvuta mabaki ya moshi kutoka silinda inayofuata. Bomba likiwa pana mno, gesi hupoa, hulegea, na msaada huo hupotea. Likiwa jembamba mno, pistoni hutumia nguvu nyingi kuusukuma moshi nje. Basi wanaosema injini hupenda kuzuiwa wameliona jambo la kweli, ila wamelipa sababu isiyo yake: injini haipendi kizuizi, bali hupenda kasi ya gesi. Gari linalopanda Mgeta kwa mizunguko 2,000 au 3,000 halifaidiki na bomba la milimita 50, hata kama ngurumo yake huwavutia vijana pale stendi.

Lipo pia suala la mawimbi. Vali ya moshi ifungukapo, wimbi la mgandamizo hukimbia katika bomba kwa kasi ya sauti, ambayo katika gesi ya nyuzi 600 ni mita 590 hivi kwa sekunde. Lifikapo mahali bomba lipanukapo, sehemu yake hurudi ikiwa wimbi la mvuto. Likirejea wakati vali ya moshi haijafungwa na ile ya hewa imekwisha kuanza kufunguka, hufagia silinda. Watengenezaji wa magari ya mashindano huzipima ncha nne za bomba kwa ajili hiyo. Lakini katika bomba la mita moja wimbi huenda na kurudi kwa milisekunde 3.4, kwa mizunguko 3,000 kranki huwa imegeuka nyuzi 61 tu, na hiyo ni mapema mno. Ili wimbi lichelewe inavyotakiwa kwa mwendo wa mlimani ingehitajika mirija mirefu isiyoweza kuenea chini ya gari dogo. Kwa hiyo mirija minne ya mashindano, iliyopindwa kwa urembo, haina faida kubwa hapa. Inatosha kuunganisha silinda ya 1 na ya 4, na ya 2 na ya 3, kwa kuwa mpangilio wa kuwaka ni 1, 3, 4, 2, hivyo silinda zilizounganishwa hazigombanii njia. Kisha mirija hiyo miwili huwa mmoja.

Katika utengenezaji wenyewe, mikunjo ndiyo mitihani. Bomba likipindwa tupu hubonyea. Fundi asiye na mashine hulijaza mchanga, huziba ncha zake, hulipasha moto na kulipinda taratibu. Mchanga huo hauna budi uwe umekaangwa ukakauka kabisa, maana unyevu uliofungiwa ndani ya bomba la moto hugeuka mvuke na huweza kulipasua kama bomu. Hatari nyingine hutokana na bomba la maji lililopakwa zinki, ambalo hupatikana kwa urahisi madukani. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, chini sana ya joto la kulehemu, na moshi wake mweupe humletea mchomeleaji homa na kutetemeka baada ya saa chache. Bomba jeusi lisilo na zinki ndilo lifaalo. Waya hasi wa betri nao hufunguliwa kabla ya kulehemu kwa umeme, ili altaneta isiungue.

Bomba halifungwi kwa ugumu kwenye fremu. Injini hutikisika juu ya mipira yake, na chuma nacho hurefuka kwa joto: bomba la mita 2 likipanda nyuzi 300 huongezeka milimita 7 hivi. Likibanwa kote hupasuka, na kwa kawaida hupasuka kwenye shingo, karibu na injini, chini ya miguu ya dereva. Ndiyo maana huning'inizwa kwa vipande vya mpira.

Ufa huo wa shingoni ndio wa kuogopwa kuliko kelele na kupungua kwa nguvu. Moshi wa petroli wa gari lisilo na kichocheo una kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na hushikana na hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kadiri gari lipandavyo hewa hupungua. Nyandira imepungua kwa takribani sehemu moja ya kumi ikilinganishwa na Mlali, ilhali kabureta huendelea kutoa petroli karibu ile ile. Mchanganyiko huzidi petroli, na sumu hiyo huongezeka. Abiria wa nyuma akishikwa na kichwa na kichefuchefu, husema ni kona za barabara. Huenda ni kona; huenda pia ni bomba.

Zaidi ya hayo, gari lenye turubai lililo wazi nyuma huvuta moshi wake lenyewe, kwa sababu nyuma ya gari linalokwenda kanieneo huwa chini. Bomba liishialo chini ya sakafu ni kosa, hata kama limelehemiwa vizuri. Mdomo wake sharti uvuke ukingo wa bodi. Magari mapya zaidi yana kichocheo chenye madini ya platinamu, paladi na rodi kinachoigeuza kaboni monoksaidi kuwa dayoksaidi. Yaliwezekana hapa baada ya nchi za Afrika kusini mwa Sahara kuacha petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006, kwa kuwa risasi huua kichocheo. Fundi akikikata ili gari lipate kunguruma, anawarudishia abiria sumu waliyokuwa wameepushwa nayo.

Upimaji wa kazi hauhitaji chombo cha gharama. Gari huwekwa nje, si ndani ya karakana, na injini huwashwa ikiwa bado baridi. Mtu mmoja hubana mdomo wa bomba kwa tambara nene kwa sekunde chache, mwingine hupaka povu la sabuni kwenye kila kiungo kabla hakijapata moto. Povu likifura, kuna tundu. Baada ya safari ya wiki moja viungo hutazamwa tena: mahali penye alama nyeusi ya masizi ndipo moshi unapotokea, na nati za flenji hukazwa upya injini ikiwa imepoa.