Urejeshaji wa Hifadhidata Baada ya Maafa: Mfano wa Kasese

Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, kisha Mei 2020, ukaiharibu Hospitali ya Kilembe. Nakala akiba inayokaa jengo moja na seva huzama pamoja nayo. Kuipandisha Bwesumbu pekee hakutoshi, kwani miteremko ya Rwenzori nayo huporomoka. Sharti nakala nyingine iwe nje ya wilaya.

Katika PostgreSQL, ambayo DHIS2 huitumia, nakala ya msingi ikiandamana na kumbukumbu za miamala zinazotumwa mfululizo huwezesha kurejesha data hadi muda mfupi kabla ya maafa. Lakini udhaifu mkubwa, kwa maoni yetu, uko kwingine: programu nyingi hutangaza mafanikio faili linapoandikwa, si linapofunguka. Tunapendekeza programu irejeshe yenyewe kila nakala kwenye seva ya majaribio, ilinganishe idadi ya rekodi, ndipo itoe taarifa.