Usitupe Cheni ya Pawasoo Mapema: Inoe, na Ujue Namba Tatu Kabla ya Kulipa

Umepata kazi ya kuangusha mikaratusi kule Maseno. Mteja ametuma nusu ya malipo kwa simu, petroli umeshanunua, lakini kabla ya saa tano cheni haikati tena. Unakimbia Kisumu mjini, unachukua mkopo wa simu, unanunua cheni mpya. Jioni ukipiga hesabu, kilichobaki ni nauli tu.

Kama unapasua mbao za kuuza Kibuye au za kutengenezea mashua pale Dunga, jambo hili unalijua. Habari njema ni kwamba cheni butu si cheni iliyokwisha.

Angalia unga

Cheni kali hutoa vipande vya mbao. Cheni butu hutoa unga. Ukiona unga, zima injini, vaa glavu, chukua tupa ya mviringo. Sukuma upande mmoja tu, kutoka ndani ya jino kwenda nje, na kila jino ulipige tupa mara zile zile. Fanya hivyo kila unapojaza petroli.

Tupa nayo ina saizi yake. Cheni ya pichi .325, kwa mfano, hunolewa kwa tupa ya milimita 4.8. Cheni nyingi zina alama kwenye jino: ukinoa mpaka ukafika hapo, basi imekwisha kweli.

Kagua pia unachokata. Mti uliokuwa nguzo ya ua huficha misumari na seng'enge, na gogo lililoburutwa chini limejaa mchanga. Oili chafu ya gari nayo usiitie: ina chembe za chuma zinazokula baa na cheni.

Namba tatu kabla ya kulipa

Ukisema tu "nipe ya inchi 18", unaweza kuuziwa isiyoingia. Uliza pichi, geji na idadi ya meno ya chini, yale yanayopita kwenye mfereji wa baa. Mara nyingi namba hizi zimechapwa kwenye baa yenyewe, kwa hivyo ipige picha uende nayo dukani. Duka lenye rola linaweza kukukatia cheni ya kipimo chako na kuifunga kwa ribiti. Linganisha bei hiyo na ya cheni iliyo kwenye pakiti.

Muuzaji wa mtandaoni akikwambia utume pesa kwanza ndipo aiweke kwenye matatu, tulia. Ni afadhali ulipe kwa till ya duka, ukiwa umeishika cheni mkononi. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo, na usifute SMS ya malipo. Cheni ikikataa kuingia, hiyo ndiyo risiti yako.

Acha cheni ijilipie

Tuseme cheni ni shilingi 2,500. Ikikaa kazi 10, kila kazi imekula 250. Ukiinoa vizuri ikafika kazi 25, kila kazi imekula 100 tu.

Basi kila mteja akilipa, hamisha 250 kwenye akiba yako ya simu siku hiyo hiyo. Baada ya kazi 10 una pesa ya cheni ya pili, na ile ya kwanza bado inakata. Inunue mapema, uzitumie kwa zamu. Siku moja ikikatika shambani, hutahitaji kuomba mkopo: utafungua begi, utabadilisha, na kazi itaendelea.