Muhuri wa Wakati: Kuandika na Kubadili Saa katika Data za Kompyuta

Mtahiniwa, tuanzie ziwani. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku, hasa kwenye giza la mwezi, kwa taa zinazowavuta samaki karibu na wavu. Tuseme mtumbwi mmoja umepakua mzigo mwaloni usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 22 Oktoba 2025, saa 8:20. Karani anaingiza kwenye simu yake: 22/10/2025 8:20. Programu inasoma maandishi hayo kuwa ni asubuhi, jua limeshachomoza. Mwenye mtumbwi anadai bei ya ndoo iliyokuwapo usiku, mnunuzi anaonyesha simu na kusema mzigo ulifika asubuhi, bei ikiwa imeshashuka. Hakuna aliyedanganya. Saa sita zimepotea kati ya mdomo wa karani na kumbukumbu ya simu.

Mada hii inahusu namna ya kuzuia hasara hiyo. Ina hesabu kidogo, na hesabu hizo ni zilezile za longitudo ulizozisoma kwenye Jiografia, kwa hiyo usiogope.

Muhuri wa wakati ni nini?

Muhuri wa wakati ni maandishi au namba inayoonyesha tukio fulani lilitokea lini: ujumbe ulitumwa lini, faili lilihifadhiwa lini, fedha zilihamishwa lini. Ili muhuri uwe kamili, unapaswa kutaja tarehe, saa, na saa hiyo ni ya wapi. Watahiniwa wengi hutaja mambo mawili ya kwanza na kusahau la tatu, na la tatu ndilo lenye matatizo.

Kutoka saa ya Kiswahili hadi saa ya kompyuta

Sisi tunahesabu saa kuanzia macheo na machweo. Kompyuta inahesabu kuanzia saa sita usiku, kutoka 00:00 hadi 23:59. Kanuni ni hii: saa za mchana, yaani kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, ongeza 6. Saa za usiku, kuanzia saa 1 usiku hadi saa 12 asubuhi, ongeza 18; jibu likifika 24 au kuzidi, toa 24. Dakika haziguswi.

Mfano: saa 3:15 asubuhi ni 3 + 6, yaani 09:15. Saa 2:40 usiku ni 2 + 18, yaani 20:40. Saa 8:20 usiku ni 8 + 18 = 26; toa 24, unabaki na 02:20.

Kila unapotoa 24, umevuka saa sita usiku, na tarehe ya kalenda imesogea mbele kwa siku moja. Mvuvi akikuambia "Jumanne usiku, saa nane", kompyuta inataka kusikia Jumatano, 02:00. Ndiyo maana maneno "usiku wa kuamkia Jumatano" ni salama zaidi. Tena, kwa desturi ya zamani ya mwambao, usiku hutangulia mchana wake, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" kwa mzee wa Pangani au Unguja unaweza kuwa ni Alhamisi baada ya machweo. Lugha yetu ina mpango wake mzuri. Kompyuta tu haiujui mpaka tuifundishe.

Saa ya wapi?

Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa moja, au dakika 4 kwa kila nyuzi. Jiji la Mwanza liko karibu na longitudo nyuzi 33 Mashariki. Zidisha 33 kwa 4: dakika 132, yaani saa 2 na dakika 12 mbele ya Greenwich. Lakini saa ya ukutani Mwanza iko mbele kwa saa 3 kamili, kwa sababu Saa za Afrika Mashariki zinafuata longitudo ya nyuzi 45, ambayo iko mashariki hata ya Dar es Salaam. Matokeo yake unayaona mwenyewe: jua la Mwanza huchelewa, na utosini hufika karibu robo tatu saa baada ya saa sita mchana. Saa ya jua na saa ya sheria ni vitu viwili tofauti. Data hutumia saa ya sheria.

Saa ya rejea duniani huitwa UTC. Tanzania, Kenya na Uganda ziko UTC+3. Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo ziko UTC+2. Lori likiondoka upande wetu wa Rusumo saa 15:10 na kuandikwa upande wa Rwanda saa 14:25, linaonekana limefika kabla ya kuondoka. Badili zote mbili ziwe UTC: 15:10 toa 3 ni 12:10, 14:25 toa 2 ni 12:25. Lilitumia dakika 15.

Namna mbili kuu za kuandika

Namna ya kwanza ni maandishi, kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988. Mzigo wetu wa dagaa utaandikwa hivi:

2025-10-22T02:20:00+03:00

Mwaka hutangulia, kisha mwezi, kisha siku. Herufi T hutenganisha tarehe na saa. Sehemu ya mwisho, +03:00, ni tofauti na UTC. Ukitaka kuandika wakati huohuo kwa UTC, toa saa 3 na uweke herufi Z:

2025-10-21T23:20:00Z

Tarehe imerudi kuwa 21. Usishtuke wala usiisahihishe. Ni wakati uleule. Mpangilio huu pia unaondoa utata wa 03/04/2025, ambayo kwetu ni tarehe 3 Aprili na kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi.

Namna ya pili ni namba: idadi ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, saa 00:00:00 UTC. Kila siku huhesabiwa kuwa na sekunde 86,400. Tuhesabu mzigo wetu. Kuanzia 1970 hadi mwisho wa 2024 ni miaka 55, ambayo ni siku 20,075, pamoja na siku 14 za miaka mirefu: 20,089. Kuanzia 1 Januari hadi kuingia 21 Oktoba 2025 zimepita siku 293. Jumla 20,382. Zidisha kwa 86,400: 1,761,004,800. Ongeza saa 23 na dakika 20, yaani sekunde 84,000. Jibu: 1,761,088,800.

Angalia kosa lililotendeka hapa mara nyingi: mtahiniwa huhesabu kwa saa ya Mwanza bila kurudi UTC. Namba hiyo huzidi kwa sekunde 10,800. Kosa la saa za Kiswahili, lile la karani wetu, huzidisha kwa 21,600. Ukikuta tofauti ya moja ya namba hizi mbili, umeshajua ugonjwa.

Matukio ya kabla ya 1970 huwa namba hasi. Tarehe 9 Desemba 1961, siku ya uhuru wa Tanganyika, saa 00:00 UTC ni −254,448,000. Kwa upande wa juu, mfumo unaotumia biti 32 zenye alama hukomea 2,147,483,647. Sekunde hiyo itafika Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa 03:14:07 UTC, kwetu saa 12 na dakika 14 asubuhi. Baada ya hapo hesabu hurukia kwenye namba hasi na kurudi mwaka 1901. Dawa yake ni biti 64.

Mifumo mingine huhesabu milisekunde. Lugha ya JavaScript hufanya hivyo. Namba ya tarakimu 10 kwa tarehe za siku hizi ni sekunde. Ya tarakimu 13 ni milisekunde. Ukizichanganya, mzigo wa dagaa wa 2025 utaonekana umepokelewa 21 Januari 1970, au kwa upande mwingine baada ya mwaka 57,000. Lahajedwali nazo huhesabu siku tangu mwaka 1900, na kwao 1 Januari 1970 ni siku ya 25,569. Na JSON, umbizo linalotumiwa sana kupitisha data kati ya simu na seva, halina aina maalumu ya tarehe kabisa: ni maandishi au namba, kwa hiyo walioandika programu za pande zote mbili lazima wakubaliane mapema.

Usibadili kila kitu

Nilimfundisha kijana mmoja aliyezaliwa 1 Januari 2008. Fomu yake ilijazwa kwenye mfumo fulani, na nakala iliyochapishwa ikasema 31 Desemba 2007. Cheti cha kuzaliwa kilisema vingine, na alizunguka na bahasha yake wiki nzima. Mfumo ulikuwa umehifadhi tarehe ya kuzaliwa kama muhuri wa wakati, saa 00:00 ya hapa, kisha ukaibadili kuwa UTC: 21:00 ya siku iliyotangulia. Tarehe ya kuzaliwa haina saa wala ukanda. Ihifadhiwe kama tarehe tupu, 2008-01-01, na isibadilishwe kamwe.

Matukio yajayo nayo yana tahadhari yake. Serikali huweza kubadili saa. Sudan Kusini ilitoka UTC+3 kwenda UTC+2 tarehe 1 Februari 2021. Mkutano uliohifadhiwa mapema kwa UTC pekee ungesogea saa nzima. Kwa hiyo hifadhi saa ya mahali pamoja na jina la ukanda, kwa mfano Africa/Dar_es_Salaam. Kwa yaliyokwisha kutokea, UTC inatosha.

Swali la mazoezi

Kiwanda cha minofu ya sangara Mwanza kimepokea taarifa mbili kutoka kwa mteja aliyeko Uholanzi, zote zimeandikwa 26 Oktoba 2025, saa 02:30. Usiku huo Ulaya ilirudisha saa nyuma kutoka UTC+2 kwenda UTC+1, hivyo saa 02:30 ilipita mara mbili. (a) Andika mihuri yote miwili kwa ISO 8601. (b) Ilikuwa saa ngapi Mwanza kila mara? (c) Je, kupanga mihuri hii kwa mfuatano wa herufi kutatoa mpangilio sahihi?

Majibu: (a) 2025-10-26T02:30:00+02:00, kisha 2025-10-26T02:30:00+01:00. (b) Ya kwanza ni 00:30 UTC, yaani 03:30 Mwanza, saa 9:30 usiku. Ya pili ni 01:30 UTC, yaani 04:30, saa 10:30 alfajiri. (c) Hapana. Herufi zinafanana mpaka kwenye tofauti ya saa, na +01:00 itatangulia +02:00, ilhali yenye +02:00 ndiyo iliyotokea kwanza. Zibadili zote kuwa Z kwanza, ndipo uzipange.