Naija Iliingia Mtwara Mfukoni

Tuanze na bibi yangu.

Mwaka 2012, sebuleni kwa mjomba, Chikongola. Tivii ni ile ya chogo, deki imechomekwa flashi, na kwenye kioo Iyanya anakiwasha na goma lake la Kukere. Jamaa kakunja magoti, kashusha mwili, miguu inasugua sakafu taratibu huku kiuno kinafanya mambo yake chenyewe. Mimi na wana tumepagawa, tunamfuatisha hatua kwa hatua. Bibi alikuwa kakaa mkekani anamenya ming'oko. Akasimamisha mkono, akatazama kioo kwa muda, halafu akauliza: "Huyu mtoto kachezwa wapi?"

Kama wewe si wa kusini, swali hilo linaweza kukupita. Kuchezwa ni kupitishwa unyago, na huku kwetu mtu anayekata kiuno kwa mpangilio ule lazima kuna mahali kafundwa. Nikamwambia, bibi, huyo wa Nigeria. Wala hakushtuka. Akasema basi na wao huko wana wakubwa wao wanaofundisha, akarudi kwenye ming'oko yake.

Miaka ikapita ndo nikaja kujua bibi alipiga penyewe. Uchezaji ule unaitwa etighi, ngoma ya asili ya watu wa pwani ya kusini mwa Nigeria, pande za Calabar na Akwa Ibom. Iyanya hakuuokota hewani, aliutoa nyumbani akaupeleka klabu. Sasa weka etighi pembeni ya ngoma yetu ya sindimba uangalie magoti, uangalie kiuno, halafu niambie kama hujaona ndugu wawili. Ndo maana mtu akiniletea stori kwamba masela wa Mtwara tuliiga Naija, namkatalia mpaka kunakucha. Yale magoma yalikuta viuno viko tayari.

Ila yalifikaje huku mwisho wa reli ambako hata reli haipo? Hapo mimi nilikuwa ndani ya mchezo.

Nilimaliza fomu foo 2010, matokeo hayakukaa poa, bro mmoja wa kitaani akanipa mchongo kwenye banda lake jirani na soko kuu. Kazi ni kujaza watu nyimbo. Kompyuta moja ya mezani, spika mbili, kisoma kadi, na feni iliyoelekezwa kwenye mashine kutwa nzima isije ikaungua. Umeme wa mji ulikuwa unatoka kwenye gesi ya Mnazi Bay, kule Msimbati, tangu 2007, kwa hiyo huwa nasema gesi ya Msimbati ndo iliyopika Naija ya Mtwara.

Mteja anakuja na simu ya Mchina, ile ya laini mbili yenye spika ya kuamsha mtaa. Unafungua mfuniko, unatoa betri, kadi iko chini yake, ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Ya mvuvi ina chumvi, ya mkulima wa korosho ina vumbi jekundu. Unaifuta kwa pindo la fulana, unaipuliza kidogo, unaisukumia kwenye adapta. Kompyuta ikiuliza kama ifute vyote, hukubali kabla hujamuuliza mwenye kadi. Mle ndani mna picha ya mtoto, mna mawaidha, mna sauti za watu waliotangulia. Kuna baba mmoja aliniambia nifute chochote nitakacho nipate nafasi, ila kuna sauti ya dakika moja ya mama yake, hiyo nisiiguse. Nikaitengenezea folda yake peke yake, nikaipa jina MAMA. Tangu siku ile nikaiheshimu ile kazi kinoma.

Nyimbo tano jero. Kadi ya giga mbili ikijaa mpaka juu, buku mbili.

Folda iliyokuwa inaongoza kwa kuombwa tuliipa jina NAIJA KALI. P-Square humo waliandikwa kwa tahajia nne tofauti, kila mtu aliyetutumia nyimbo na herufi zake. Na Waghana tuliwatupia humohumo, Sarkodie na Fuse ODG na Azonto yao, wakati wale walistahili folda yao wenyewe. Mteja wa kawaida hakuwa anajua jina la goma wala la msanii. Anakuja anakuvumia. Pijini na Kiigbo vimeshapita kwenye masikio ya disko, vikapita kwenye ulimi wa Kimakonde, vikatoka kitu kipya kabisa, na wewe hapo uko na sekunde chache za kutambua. Bro alikuwa fundi wa hilo. Mtu akivuma tu pumzi ya kwanza, yeye mkono uko kwenye mausi.

Mzigo ulikuwa unatoka Kariakoo. Jamaa wa kule anajaza flashi, anaifunga kwenye karatasi, anampa konda wa basi pamoja na hela ya soda. Dar mpaka Mtwara ni kama kilomita 560, na miaka ile kipande cha Ndundu kwenda Somanga kilikuwa bado hakina lami. Masika ikikaza, basi linazama kwenye tope, abiria wanalala porini, na goma jipya la Lagos linalala nao kwenye mfuko wa konda. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilikuwepo tangu 2003, kabla yake watu walikuwa wanasubiri pantoni. Kwa hiyo wimbo ukishabamba Dar, sisi tulikuwa tunaungoja kama watu wanavyongoja meli. Ukifika, siku hiyo banda linajaa mpaka nje.

Lakini nisiongope kwamba sisi wa mabanda ndo tulioanza. Njia ilishafyekwa na filamu za Naija. Mabanda ya video ya huku yalishawaonyesha watu Aki na Ukwa mpaka watoto wanawaita kama wajomba zao. Mwaka 2006 marehemu Steven Kanumba akacheza Dar 2 Lagos pamoja na Mercy Johnson, na hapo Lagos ikawa jirani, mahali ambapo Mbongo anaweza kwenda na kurudi. Upande wa muziki, MTV Base ilipofungua matangazo yake ya Afrika Februari 2005, video ya kwanza kabisa kurushwa ilikuwa African Queen ya 2Face Idibia. Wengi wetu hatukuwa na dishi, hatukuiona siku hiyo. Ilitufikia kwenye harusi. Mpaka leo Mtwara bibi harusi anaingia ukumbini na wimbo ule, na ma-MC walioanza kuupiga wako hai, wana mvi sasa.

Kitu kilichonishika moyo zaidi ni kujua kwamba na kule Lagos kulikuwa na watu kama sisi. Soko la Alaba, linalojulikana kwa vifaa vya umeme, ndo lilikuwa mlango wa muziki wao. Wafanyabiashara wa pale walikuwa wanachapa na kusambaza kaseti na CD nchi nzima, nyingine kwa makubaliano na msanii, nyingine kwa wizi mtupu. Msanii mchanga alikuwa anawahitaji na anaumizwa nao wakati uleule. Na wasanii wenyewe walikuwa wanajitafutia njia. P-Square, mapacha waliokulia Jos, video zao nyingi aliziongoza kaka yao wa damu, Jude. Lebo ya Mo' Hits ilianzishwa 2004 na D'banj na Don Jazzy, na Don Jazzy akageuza midundo yake kuwa sauti ya nchi nzima kabla hawajaachana 2012. Hakuna aliyewapa ramani. Ni washkaji na ndugu waliogoma kungoja.

Sasa ukweli unaouma: kwenye ile jero ya nyimbo tano, hakuna hata senti iliyofika Jos wala Lagos, wala kwa wasanii wetu wa Bongo. Sisi tulikula, bro alilipa kodi ya banda na ada ya wadogo zake, na waliotunga hawakuona kitu. Nawaza hili sana. Tuliwapa masikio ya watu laki, tukawanyima chao. Yote mawili tulifanya sisi, na sitaki moja lifunike lingine.

Wana, msimu wa korosho ndo ulikuwa sikukuu yetu. Minada ikianza Oktoba, hela inaingia vijijini, na kitu cha kwanza kununuliwa baada ya bati ni spika. Mwaka 2017 bei ilipanda mpaka ikavuka shilingi 4,000 kwa kilo, na mtu aliyekuwa anakuja na kadi ya giga mbili akaja na flashi ya kumi na sita. Disko vumbi zikalipuka kila kona, Madimba, Nalingu, Mahurunga mpaka kwenye vijiji vilivyolalia mto Ruvuma. Jenereta, turubai, taa tatu, DJ na kompyuta mpakato iliyofunikwa kanga kukinga mchanga.

Nilienda na bro Msimbati kupiga muziki kwenye sherehe ya watoto waliotoka unyagoni. Mchana ulikuwa wa wazee. Vinganga vimechomekwa mchangani kwa ncha zake, mmoja anawasha nyasi kavu kukaza ngozi, sauti ikipanda anagonga, anasikiliza, anarudisha tena kwenye moto. Usiku zamu yetu ikafika. Bro akaachia Nwa Baby ya Flavour. Mzee mmoja wa ngoma, aliyekuwa keshakaa pembeni na kikombe chake cha uraka, akasogeza kinganga chake, akaanza kuingia katikati ya mdundo wa spika. Hakukosea hata pigo moja. Bro akashusha sauti kidogo ili mzee asikike, uwanja mzima ukainuka, na wale wanawali wadogo wakacheza yale waliyofundishwa wiki nzima juu ya gitaa la Enugu. Baadaye nikajua goma lile lina mizizi kwenye Sawale, wimbo wa zamani wa Cardinal Rex Lawson, mkongwe wa highlife. Kwa hiyo usiku ule walikutana wazee wawili, mmoja wa huku na mmoja marehemu wa kule, na sisi vijana tulishika waya tu.

Mwanzoni mwa 2014 Diamond akaachia rimiksi ya Number One na Davido. Kwenye banda hatukula mchana wiki nzima. Mwaka uleule wote wawili wakawania tuzo ya BET ya msanii bora wa Afrika, Davido akabeba, na vijiweni ikawa kesi isiyo na hakimu. Ikaja Nana na Flavour, ikaja Kidogo na P-Square. Mkondo ukawa unaenda pande zote mbili.

Halafu akatokea wa kwetu. Rajabu Abdul Kahali, mtoto wa 1994 wa kijiji cha Chitohori, huku huku Mtwara. Akaenda kuhangaika Dar kama vijana wa kusini wanavyohangaika, Kariakoo, jua kichwani. Mwaka 2015 akatoka na Aiyola chini ya WCB, lebo ya Diamond, na dunia ikamjua kama Harmonize. Sisi tulishika jina lingine: Konde Boy. Mwelewe mtu wa Mtwara hapo. Mmakonde mjini alikuwa wa kutaniwa, mlinzi wa getini, mchonga vinyago, mtu ambaye lafudhi yake inachekwa kwenye daladala. Kijana akalichukua jina lilelile akalivaa kifuani kama cheni ya dhahabu, na alipotoka WCB 2019 akaita lebo yake Konde Music Worldwide. Mwaka huohuo kukawa na Kainama, yeye na Diamond na Burna Boy kwenye goma moja. Nakumbuka nilivyoliandika jina la faili, nikasita. Niliweke NAIJA KALI au folda ya Bongo? Nikaliweka kote kuwili.

Wakati huo banda lilishaanza kupoa. Simu za Tecno zilikuwa zinakuja na Boomplay ndani, watu wananunua bando, wanashusha wenyewe. Waliobaki na sisi walikuwa wa vijijini, na wa ng'ambo.

Wa ng'ambo ni wale wa Palma na Kionga, upande wa Msumbiji. Walikuwa wanavuka Ruvuma pale Kilambo au kwa mitumbwi, wanakuja kununua sabuni, unga, kanga, na kabla ya kurudi wanapita kujaza kadi. Kimakonde chetu kimoja, salamu zetu moja. Walikuwa wanatupa goma za Maputo, tunawapa za Lagos. Oktoba 2017 vita vikaanza huko kwao, Mocímboa da Praia, vikasogea mwaka hadi mwaka. Oktoba 2020 vikavuka mto mpaka kijiji cha Kitaya upande wetu. Machi 2021 Palma ikavamiwa.

Kuna mteja wangu mmoja wa huko, kijana wa rika langu, muuza dagaa. Machi 2020 aliniachia kadi yake ya giga mbili. Albamu ya Afro East ya Konde Boy ndo kwanza imetoka, akataka iwekwe yote, na kama nafasi ikibaki nimwekee na African Queen, anaoa baada ya mfungo. Akaniambia, "Kaka, ijaze tu, nitaipitia Jumamosi nikivuka." Akaacha buku mbili juu ya meza.

Nimeshafunga banda, kompyuta imeuzwa, bro yuko Masasi anauza vipuri vya pikipiki. Ile kadi iko kwenye kiberiti, ndani ya droo kwa bibi. Mara moja moja naichomeka kwenye simu kuangalia kama bado inasoma. Inasoma. Albamu iko yote, na African Queen nimeiweka mwisho.