Fremu Hupigwa Msasa Kabla ya Gololi

Hakuna mwalimu wa Kiswahili asiyeyajua maneno "piga msasa". Tunayaandika kwa wino mwekundu pambizoni mwa insha za wanafunzi wetu: aya hii ipige msasa, hitimisho hili halijapigwa msasa. Tukiulizwa msasa wenyewe ni nini, wengi wetu tutajibu kwamba ni karatasi ya kukwaruzia inayouzwa dukani, na hapo ndipo maarifa yetu yanapokomea. Wazee wa pwani watatucheka. Msasa ni mti, na majani yake hukwaruza mithili ya ulimi wa ng'ombe. Maseremala waliyatumia kulainishia mbao kabla karatasi ya kiwandani haijawafikia. Jina lilihama kutoka jani hadi karatasi, kisha likatoka karakana likaingia darasani. Katika uhamaji huo wa pili, nahofia kuna jambo kubwa lililodondoka njiani. Nililiokota juzijuzi katika soko la Ogwedhi.

Ogwedhi iko mashariki mwa Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Kaunti ya Narok. Ni mahali ambapo Mjaluo, Mkuria na Mmaasai hukutana, na aghalabu Kiswahili ndicho kinachowapatanisha bei. Nilikuwa nimekwenda kumjulia hali dada yangu. Mwanawe, ambaye ni mwanafunzi wa shule ya upili, alikuwa amenunua fremu kuukuu ya chuma pamoja na kikapu cha vipuri, akaipaka fremu rangi ya samawati ikang'aa, akaunganisha baiskeli yake mwenyewe kwa siku mbili. Nia yake ilikuwa njema: shule i mbali, na alikusudia kumbeba nduguye mdogo kwenye keria kila asubuhi. Tatizo ni kwamba baiskeli ilikataa kwenda. Pedeli zilizunguka kwa kukwama, na gurudumu la nyuma lilisugua fremu upande mmoja.

"Mjomba," aliniambia, "nisindikize kwa fundi."

Fundi, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa ameketi chini ya mti na spana zake zimetandazwa juu ya gunia. Hakuuliza lolote. Aliizungusha pedeli mara moja, akasikiliza, kisha akaanza kuifungua baiskeli yote, kipuri kwa kipuri, hadi ikabaki fremu tupu. Gololi alizitia katika sufuria yenye mafuta ya taa. Halafu akachukua msasa na kuanza kuiondoa rangi ile mpya ndani ya mdomo wa bomba la mbele, lile linaloshika usukani.

"Mzee, mbona unaiharibu rangi yangu?" kijana aliuliza, sauti ikimtetemeka.

"Mwanangu, rangi ni ya macho," fundi alimjibu bila kuinua kichwa. "Hapa hukaa chuma juu ya chuma."

Mimi ni mwanaisimu, wala si fundi, lakini niliuelewa ubishi wa hoja ile. Kikombe cha gololi hupigwa kikaingia katika mdomo wa bomba. Kikikuta tabaka la rangi, au kutu, au ukingo usio sawa, kitakaa kimshazari. Kikombe cha juu kikikaa mshazari na cha chini kikikaa wima, usukani utakuwa mzito mahali pamoja na mwepesi mahali pengine, na hakuna spana itakayouponya ugonjwa huo kwa kukaza au kulegeza nati. Shida haimo katika nati, imo katika kiti kilichoandaliwa vibaya.

Kutoka hapo fundi alishuka kwenye bomba fupi la chini, ambamo ekseli ya pedeli hupita. Ndani ya bomba hilo mna hesi, yaani ile mikato ya mzunguko ambayo mafundi wetu huiita thredi. Katika baiskeli nyingi za chuma tulizozoea kuziona, zile zilizoundwa kwa mtindo wa Raleigh wa Nottingham na kuendelezwa na Hero wa Ludhiana, kikombe cha kulia, upande wa cheni, hukazwa kwa kuzungushwa kinyume cha mwendo wa saa, ilhali cha kushoto hukazwa kwa kuufuata. Huo si ukaidi wa wahandisi. Mtu anapokanyaga pedeli, mzigo huzunguka juu ya gololi na kukisukuma kikombe polepole kwenda kinyume cha ekseli. Kikombe cha kulia kingekatwa hesi ya kawaida, kingejifungua chenyewe barabarani.

Mpwa wangu hakulijua hilo. Alikuwa amekilazimisha kikombe kwa kukizungusha upande usiofaa, hesi zikajeruhika, na chembe za rangi na mchanga zikajaza mikato. Fundi alitoa kikombe kikuukuu cha chuma alichokuwa amekikata mifereji kwa tupa, akakipaka mafuta, akawa anakiingiza nusu mzunguko na kukirudisha robo, nusu na robo, kila mara akifuta uchafu uliotoka. Kazi hiyo peke yake ilichukua karibu saa nzima.

Hatimaye akachukua uzi. Aliufunga kwenye sikio moja la nyuma, pale panaposhikwa ekseli ya gurudumu, akaupeleka mbele ukazunguka bomba la usukani, akaurudisha hadi sikio la pili na kuuvuta ukanyooka. Kwa kijiti alipima nafasi iliyopo kati ya uzi na bomba la kiti, kulia kisha kushoto. Nafasi mbili hizo zikilingana, sehemu ya nyuma imenyooka. Zisipolingana, imepinda, hata kama jicho halioni. Zilitofautiana kwa unene wa penseli. Kwa kuwa fremu ilikuwa ya chuma, kitu kinachokubali kukunjwa kikiwa baridi, aliipachika gogo, akaikandamiza kwa uangalifu, akapima tena. Alirudia mara tatu. Baada ya hapo ndipo alipopaka grisi na kuzipanga gololi za pedeli, kumi na moja kulia na kumi na moja kushoto. Kuunganisha kwenyewe hakukuchukua hata nusu ya muda ule wa maandalizi.

Jioni nilimwomba kijana aniandikie alichokiona. Ana alama nzuri katika insha, na alinipa ukurasa uliopambwa kwa methali tatu na tashbihi zisizo na hesabu. Lakini kazi yote niliyoisimulia hapo juu ilikuwa imemezwa na sentensi moja: "Kwanza fundi aliitengeneza fremu vizuri, kisha akaanza kuunganisha baiskeli." Saa tatu za ujuzi zilikuwa zimefunikwa na neno "vizuri".

Nilimuuliza kama alikosa msamiati. La hasha! Alikuwa na vitenzi vyote: kukwaruza, kufuta, kupima, kunyoosha, kupaka. Alichokosa ni imani kwamba mambo hayo yanastahili kuandikwa. Na sisi walimu ndio tuliomnyima imani hiyo. Tumemfundisha kwamba msasa ni pambo la mwisho, kitu cha kupitisha juu ya insha iliyokwisha kusimama. Fundi wa Ogwedhi anatumia neno lilo hilo kwa maana iliyo karibu zaidi na asili yake: msasa hutangulia, hupita mahali ambapo hapataonekana tena, ili viungo vikutane bila kudanganyana. Insha ambayo mwandishi wake hajajua anachotaka kusema, wala jambo lipi litangulie lipi, ni baiskeli iliyopinda sehemu ya nyuma. Ukiipiga msasa baada ya kuunganishwa, utaondoa rangi tu.

Wapo watakaonipinga kwamba Kiswahili cha gereji hakifai kuletwa darasani, kwa sababu kimejaa maneno ya kigeni: fremu, cheni, grisi, spana. Nawaomba watazame nyuma kidogo. Usukani ulitoka katika Kiarabu, na kabla ya kushika gurudumu uliongoza majahazi. Parafujo ni Kireno. Gololi ina ndugu zake katika lugha za Bara Hindi. Hata bodaboda, neno ambalo leo huitwa pikipiki nalo, lilizaliwa juu ya baiskeli zilizovusha watu mpakani Busia katika miaka ya 1960, nalo limetokana na neno la Kiingereza la mpaka. Lugha haikuwahi kukataa neno lililokuja na kazi yake. Inachokataa ni neno lisilo na kazi, na maneno ya aina hiyo, nasikitika kusema, yamejaa katika insha tunazozipa alama za juu.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulituahidi elimu ya mikono. Mtaala wa umilisi uliotwaa nafasi yake unatoa ahadi inayofanana na hiyo. Ahadi hizi hazitatimizwa na vitabu pekee ilhali fundi ameketi mita mia mbili kutoka lango la shule. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuwapeleka wanafunzi kwake kwa saa moja tu, akawapa sharti jepesi: andikeni maelekezo ambayo mtu asiyewahi kushika spana ataweza kuyafuata, na neno "vizuri" lisitokee hata mara moja. Atakayetimiza sharti hilo atakuwa amejifunza mpangilio wa hoja, sababu na matokeo, na heshima kwa kazi ya mwingine. Na fundi naye atakuwa amepata shahidi, kwa maana ujuzi wake haujaandikwa popote, na siku akiondoka utaondoka naye.

Asubuhi iliyofuata nilisimama mlangoni kwa dada yangu nikawatazama wanawe wakiondoka, mkubwa kwenye pedeli na mdogo kwenye keria, akiushika mkoba kwa mkono mmoja na shati la kakaye kwa mkono wa pili. Barabara ile ina mteremko mrefu wenye changarawe. Pale fundi alipoikwaruza rangi ya samawati hapaonekani tena, vikombe vimepafunika. Lakini mtoto yule wa nyuma alikuwa amekabidhi maisha yake mahali hapo.